Figo Moja Werugha, Nyingine Voi

Figo yangu moja inaishi nami Werugha, nyingine inaishi Voi kwa dada yangu. Ya Werugha imezoea ukungu na uji wa moto. Ya Voi huamka alfajiri kupokea kabichi sokoni, hushinda juani, na kwa jinsi ninavyomjua dada, hugombana na wateja hadi jioni. Mimi sijawahi kuishi mjini. Kipande changu ndicho kilichotangulia.

Dada alikuwa amechoka kulala kwenye mashine ya kusafisha damu. Tulipopimwa watu wa nyumbani, mama alikutwa na presha, baba akakutwa na sukari, nami nikakutwa sina kitu. Daktari akaniuliza kama nimekubali kutoa figo kwa hiari yangu. Nikasema ndiyo. Sauti yangu ni ndogo tangu utotoni, kwa hiyo akadhani nimelazimishwa. Akamtoa dada chumbani, akauliza tena. Nikajibu kwa sauti ileile. Mwishowe ilibidi mama aitwe aje aeleze kwamba hata nikiulizwa kama nataka chapati mimi hujibu hivyo.

Baba aliupokea mpango huo kwa njia ya mfugaji. Kwetu, mtu mwenye ng'ombe wawili na nyasi za mmoja humpeleka wa pili kwa jamaa afugwe huko. Ng'ombe hubaki wake, lakini maziwa ni ya yule anayemlisha. Unaruhusiwa kwenda kumtazama ng'ombe wako. Huruhusiwi kwenda kila mara, kwa sababu mwenzako ataona humwamini. Na ukifika, huanzi na ng'ombe. Unauliza habari za watu, za mvua, za mahindi. Mwenyeji atakwambia kila kitu ni kizuri. Hapo unanyamaza, unakunywa chai, unangoja. Chai ikifika nusu ya kikombe, mwenyeji atasema, "Ila yule ng'ombe wako, juzi alikataa kula." Baba alinifundisha hivyo nikiwa mdogo: habari yenyewe huja baada ya "ila", na anayeondoka kabla ya chai amekwenda bure.

"Sasa na wewe una ng'ombe kwa watu," akaniambia nilipotoka hospitali na kidonda changu ubavuni. "Usiende kumtazama kila wiki."

Sikuenda kila wiki. Nilijiwekea pia sharti langu mwenyewe: kwamba mbele ya dada sitaiita figo yangu. Ilikuwa yake. Nikimtembelea nilimuuliza bei ya kabichi.

Hospitali haikuwa na sheria hiyo. Yenyewe ilitupigia simu sote wawili mara kwa mara, mpokeaji na mtoaji, kutuuliza hali. Mwaka wa kwanza aliyepiga alikuwa sista mmoja mtu mzima, mwenye sauti nzito na subira ya ajabu. Mtandao wa nyumbani hukamata vizuri juu ya jiwe moja tu, nyuma ya zizi, kwa hiyo simu yake ikiingia nilikimbilia jiweni na familia nzima ikanifuata. Sista alianza na mama. Walisalimiana kwa Kidawida chetu, wakamaliza mvua, wakamaliza mti wa jirani ulioangukia ua, kisha sista akanyamaza tu. Ndipo mama aliposema, "Ila kijana naona hali chakula vizuri." Sista akasema, "Aha," na kazi ikaanza.

Siku moja nilijikaza nikamuuliza mbona wanatufuatilia hivyo, na kidonda kimeshapona.

"Kwa sababu na sisi tunafuatiliwa, mwanangu," akasema. "Kila tuliyempandikiza, tunaulizwa: yuko hai? Figo bado inafanya kazi? Baada ya mwaka, baada ya miaka mingine. Na aliyetoa, yuko salama? Majibu yakiwa mabaya kuliko ilivyotarajiwa, watu wanakuja kututazama tunavyofanya kazi."

Baba, aliyekuwa amesimama chini ya jiwe na ndoo ya maziwa, akapaza sauti. "Na hospitali inayochukua wagonjwa wazito? Si itaonekana mbaya?"

"Mzee, hapo ndipo penye kazi. Hawahesabu tu. Wanaangalia kwanza mgonjwa alikuja na hali gani."

"Sawasawa," baba akasema, ametosheka. "Ukimpima mfugaji wa Rukanga kwa maziwa ya Werugha, unamwonea bure. Yule hana nyasi."

"Ndivyo hivyo hivyo," sista akasema, na nadhani hakuna mwalimu aliyewahi kunieleza jambo upesi namna hiyo.

Mwaka wa pili sista alirudishwa wodini. Mwenyewe ndiye aliyetuaga. Alisema simu zake zilikuwa ndefu mno. Asubuhi nzima alipata watu wachache, na sasa kulikuwa na wagonjwa wengi wa kufuatiliwa. Angekuja kijana mwenye kompyuta. "Ni mtoto mzuri," akasema. "Mchukulieni taratibu."

Simu ya kwanza ya kijana ilinipita kama pikipiki. Nilikuwa bado napanda jiwe. Hali yako? Nzuri. Umelazwa? Hapana. Dawa? Situmii. Asante, siku njema. Mama alifika akipangusa mikono kwenye leso, tayari kwa salamu, akakuta nimeshika simu iliyozima.

"Amekata?"

"Amemaliza."

"Amemaliza nini, na hajaanza?"

Tulicheka. Kwangu halikuwa tatizo, maana nilikuwa mzima kweli.

Baada ya miezi kadhaa niliteremka Voi na pikapu ya kabichi. Nilimkuta dada ameketi juu ya kreti kibandani kwake, jambo ambalo si kawaida yake. Dada huuza akiwa amesimama, ili mteja asidhani ana muda. Kando yake alikuwapo mama muuza vitunguu, jirani yake wa soko, ambaye husikiliza simu za watu wote bila kuona haya. Nilikuwa nashusha gunia la tatu simu ya dada ilipoita. Akaiweka sauti kubwa, mikono yake ikiwa na matope.

"Madam, ni hospitali. Hali yako?"

"Nzuri, ila—"

"Dawa zote unatumia?"

"Natumia, ila—"

"Umelazwa tangu tuongee mara ya mwisho?"

"Hapana, lakini hebu—"

"Sawa madam. Uko vizuri. Siku njema."

Mama vitunguu akasonya. "Huyo amekumaliza kabla hujafungua mdomo."

"Ana haraka, maskini," dada akasema, akaifuta simu. "Lakini umesikia mwenyewe. Hospitali imesema niko vizuri."

Ulikuwa ujinga wa kupendeza, na uliniogopesha. Yeye alisema nzuri kwa sababu ya adabu. Kijana akasema uko vizuri kwa sababu ya nzuri hiyo. Na sasa dada alilichukua neno lake mwenyewe, lililokwenda hospitali na kurudi, kama neno la daktari. Nikamtazama miguuni. Ukanda wa ndala ulikuwa umezama kwenye nyama.

"Ndala zako zimekuwa ndogo," nikasema.

"Ni joto la Voi."

"Kila mtu wa Voi ana miguu hiyo?"

Mama vitunguu akanyanyua mguu wake mmoja tuutazame. "Wangu ulikuja hivi hivi. Wa huyu umeanza juzi. Na chooni haendi. Zamani alikuwa ananiachia kibanda kila saa, siku hizi ananiachia mara moja kutwa."

"Wewe unahesabu safari zangu za choo?"

"Nikiuza kabichi zako ukiwa huko, lazima nihesabu."

Nikamwambia dada twende kliniki siku ileile. Akasema kliniki yake ni mwezi ujao, kabichi zimejaa sasa, na watu waliosoma wamesema yuko vizuri, mimi nimesomea wapi?

"Wewe ndiwe uliyewaambia uko vizuri."

"Nilikuwa nasalimia."

"Hakujua ni salamu."

"Sasa mtu akikuuliza hali umjibu nini? Umwage matumbo hapo hapo? Hajaniuliza hata habari za nyumbani."

Kulikuwa na sentensi moja ambayo ingeweza kumnyanyua pale kwenye kreti, na sote wawili tuliijua. Ni figo yangu hiyo. Ilinifika kooni, nikaimeza. Nikarudi Werugha juu ya magunia matupu, na njia nzima ya Mwatate nilikuwa nagombana na dada kwa ufasaha mkubwa sana, kimoyomoyo.

Nilimweleza mama. Akapanda jiwe upesi, akampigia.

"Mwanangu, hujambo?"

"Sijambo mama."

"Ndugu yako anasema miguu imevimba."

"Ah, ni joto tu. Nyinyi hamjambo?"

"Hatujambo. Haya, Mungu akubariki." Mama akashuka, uso umekunjuka. "Anasema hajambo."

Nikamtazama baba. Baba akamtazama ng'ombe. "Kwa simu ni vigumu," akasema. "Hakuna chai."

Nilijaribu kuipigia hospitali ile namba ya kijana. Ilikuwa namba ya kupiga tu, haipokei. Lakini nilijua jambo moja: baada ya wapokeaji, watoaji hufuata. Zamu yangu ilikuwa karibu. Nikaamua nikiulizwa hali nitajibu vibaya kabla ya vizuri. Asiyeona haya hawezi kujua ni mzigo gani huo. Tangu nizaliwe sijawahi kuulizwa hali nikasema mbaya, hata siku ile nilipozinduka na kidonda, wakati sista aliniuliza nikasema salama. Nikaanza kujizoeza wakati wa kukamua.

"Mbaya," nilimwambia ng'ombe. Akageuza shingo.

"Mbaya." Akaendelea kutafuna. Kwa ng'ombe ilikuwa rahisi.

Simu ilipokuja nilikuwa zizini. Niliacha ndoo, nikapanda jiwe, na moyo ukapanda pamoja nami.

"Kaka, ni hospitali. Hali yako?"

"Mbaya."

Nikasikia vidole vyake vimesimama.

"Umesema?"

"Mbaya."

"Samahani, ngoja kidogo. Hapa inafungua maswali mengine. Sijawahi kuyaona haya." Akayasoma kwanza kwa kunong'ona, peke yake. "Haya. Una maumivu?"

"Mimi hapana. Ni figo ndiyo yenye shida."

"Ya kulia au ya kushoto?"

"Ya kushoto."

Vidole vikaanza, vikasimama tena. "Kaka, hapa inaonyesha ya kushoto ulitoa."

"Ndiyo hiyo."

"Sasa iko wapi?"

"Iko Voi, sokoni, upande wa mboga."

Akaanza kucheka, kisha akaacha katikati, kama mtu aliyekanyaga kitu. Nadhani alikuwa amefungua jina la dada. "Lakini yeye juzi aliniambia yuko vizuri."

"Alikuwa anakusalimia."

Akanyamaza. Ndipo, kwa mara ya kwanza tangu apewe ile kazi, aliponyamaza kwa muda wa kutosha. Nami nikayamwaga yote: miguu, choo, kreti. Sikuwahi kusema maneno mengi hivyo kwa mtu nisiyemwona. Nilipomaliza mama alikuwa chini ya jiwe, ameshika mdomo. "Ni figo yangu," nikasema mwisho. Hakuwa ameniuliza. Lilitoka tu.

Hospitali ilimpigia dada kabla maziwa yangu hayajafika kituoni. Nilijua, kwa sababu alinipigia mara tu baada ya hapo.

"Umenishtaki."

"Nimewaeleza."

"Wameniambia, 'Madam, mwenye figo amelalamika.' Mwenye figo! Mbele ya mama vitunguu."

"Utaenda?"

"Nitaenda, nisipoenda si utakuja na kamba kumchukua ng'ombe wako?" Akakata.

Tulikutana Voi kesho yake, tukapanda basi, na hadi hospitali hatukuongea ila juu ya ndizi. Damu ilipotoka maabara, daktari hakutoa mzaha wowote. Mwili wa dada ulikuwa umeanza kuikataa figo. Haikuwa imeharibika, akasema, lakini ilikuwa njiani, na kungojea kliniki ya mwezi ujao kungekuwa kuchelewa. Wakamlaza, wakamfunga dripu ya dawa kali. Kama figo ingeitikia, sawa. Kama isingeitikia, dada angerudi kwenye mashine, nami ningerudi Werugha na figo moja na hadithi.

Nilimpigia baba. Akafikiri kidogo. "Dada yako hukataa kila kitu kwanza," akasema. "Hata shule alikataa. Ngojeni."

Nilikaa kando ya kitanda siku zile zote za dripu. Hakuna kazi ngumu kama kukaa na mgonjwa aliyekununia. Dada alikuwa akigeukia ukutani, na mimi nikitazama mfuko wa mkojo, nikijidai natazama dirisha. Siku moja, bado amegeuka, akasema:

"Ulisema ni figo yako."

"Nilisema."

"Miaka yote hii hukusema."

"Sikusema."

Muuguzi akapita, akaweka chai mbili mezani, akaenda. "Haya," dada akasema. "Mwenye ng'ombe amekuja kutazama."

"Nimekuja kutazama tu."

"Basi uliza habari za watu kwanza, huna adabu."

Nikamuuliza habari za watu. Akasema nzuri. Nikamuuliza habari za Voi, akasema joto. Nikashika chai yangu nikanyamaza. Kikombe kilikuwa kimefika nusu, kweli kabisa, aliposema, bila kugeuka, "Ila niliogopa. Nilijua ni figo. Nilisema nikiendelea kuuza kabichi labda itapita. Nitakutazama usoni vipi nikiwa nimeipoteza?"

Nikamwambia mfuko umejaa. Akageuka kuutazama, na sote wawili tukautazama kwa heshima, kama watu wanaotazama mvua baada ya kiangazi.

Ulikuwa umejaa kweli. Kipimo cha uchafu kwenye damu kikaanza kushuka asubuhi iliyofuata, kikaendelea kushuka. Figo ilikuwa imeitikia.

Kabla hatujaruhusiwa, kijana wa simu alikuja wodini. Nilikuwa nimemfikiria mrefu, mwenye tai. Alikuwa mwembamba, wa rika langu, naye hakujua aweke wapi macho. Nilimpenda mara moja. Tulisalimiana tukitazama sakafu. Dada, aliyekuwa ameanza kupona, akasema, "Tazama, wamekutana wawili. Leo hakuna atakayeongea."

Kijana aliongea, lakini polepole. Alisema kwenye kompyuta yake, watu wa upande wetu wote walikuwa wazima, wote, bila hata mmoja mwenye shida. Wakubwa walifurahi mwanzoni. Kisha daktari mmoja akauliza inakuwaje simu iseme hivi na damu iseme vile. Sasa alikuwa ametumwa awapigie wote upya.

"Nimewapigia baadhi," akasema. "Nikisema hali yako, wanasema nzuri. Sasa nitajuaje ni nzuri ipi?"

Nikamweleza habari ya ng'ombe na chai. Ilinichukua muda. Alisikiliza kwa makini, kisha akauliza swali lake la kweli: "Lakini kwa simu, chai nitaitoa wapi?"

"Nyamaza tu," nikasema. "Kama unakunywa."

Sista wa zamani alikuwa anapita na kigari cha dawa. "Nilimwambia hivyo hivyo," akasema. "Akadhani nimezeeka." Kijana akacheka na kukuna kichwa. Akasema shida ni kwamba naye anapimwa kwa idadi ya simu, na akinyamaza sana atarudishwa wodini. "Wodini si pabaya," sista akamwambia, akaendelea na kigari chake.

Niliteremka tena Voi wakati wa kabichi. Dada alikuwa amesimama. Ndala zilikuwa zinapwaya, na mama vitunguu alinipokea na malalamiko kwamba siku hizi anauza vibanda viwili, mwenzake haishi kwenda chooni. Nikaketi juu ya gunia kupumzika, simu ikaita. Dada akaweka sauti kubwa.

"Madam, ni hospitali. Habari za asubuhi?"

"Nzuri."

"Watu wa nyumbani hawajambo? Mvua huko mmepata?"

Dada alinikonyeza. "Hawajambo. Mvua Werugha ipo, Voi bado."

"Na hali yako wewe?"

"Nzuri."

Kijana akanyamaza. Mama vitunguu akaacha kupanga vitunguu. Mteja mmoja aliyeshika kabichi akaacha kuibonyeza, bila kujua ni kwa nini. Kimya kilikuwa kirefu. Kijana alikuwa anakunywa chai yake isiyokuwapo, na alikuwa anainywa vizuri. Nikaitazama miguu ya dada. Nikautazama uso wake, na nikaona anatafuta.

"Ila," akasema.

Nikasimama.

"Ila kabichi za wiki hii ni ndogo mno," dada akasema. "Huyo mtoaji wenu yuko hapa, ameketi juu ya mali yangu. Mwambie wewe, mimi hanisikii."

Nikaketi tena juu ya gunia. Kwenye simu, nilisikia vidole vikiandika.